Kawawa alianza na kitabu cha risiti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nirekebishe jambo linalorudiwa kila Mei Mosi inapokaribia. Makala nyingi humweleza Rashidi Mfaume Kawawa kama msaidizi mwaminifu wa Mwalimu, mtu wa kupokea maagizo na kuyatekeleza, Simba wa Vita, basi. Hapa kwetu Moshi jina lake limegeuka kituo: konda anaita "Kawawa!" kwenye barabara ya Himo, abiria wanashuka, na safari inaendelea. Lakini Kawawa alikuwa na fani yake kabla ya siasa, nayo ilikuwa kujenga chama cha wafanyakazi kuanzia kwenye daftari. Asiyeifahamu fani hiyo hawezi kueleza kwa nini alipanda haraka vile, wala kwa nini mwaka 1962 mtu yule yule aliongoza serikali iliyowafunga mikono wenzake wa jana.

Maisha yake ya mwanzo nayapitia haraka, maana yameandikwa sana. Alizaliwa wilayani Songea tarehe 27 Mei 1926, akasoma hadi Tabora, akawa karani wa serikali, kisha akahamia idara ya Maendeleo ya Jamii. Huko ndiko alikocheza filamu ya Kiswahili ya Muhogo Mchungu mwaka 1952. Watu hulitaja hilo kama kichekesho, nami naona lilikuwa shule: mwigizaji aliyezoea kuzungumza mbele ya watu wa kila aina hababaiki mbele ya meneja.

Kilichomfunga kilikuwa Waraka Namba 5 wa mwaka 1953. Waraka huo uliwakataza watumishi wa serikali kujiunga na vyama vya siasa, kwa hiyo TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954 makarani wengi waliosoma walibaki pembeni. Walichoruhusiwa ni chama chao cha kazi, TAGSA, ambacho mizizi yake inarudi kwenye chama alichokianzisha Martin Kayamba kule Tanga mwaka 1922. Kawawa akapanda hadi urais wa TAGSA. Mapema mwaka 1956 aliacha kazi ya serikali akawa mtu wa vyama vya wafanyakazi muda wote, na ndipo mlango wa TANU ukawa wazi kwake. Mpangilio huo una maana yake. Aliingia TANU akiwa tayari na watu nyuma yake, na hakuhitaji mtu wa kumpa cheo ili asikilizwe.

Wengine huandika kwamba ndiye aliyeanzisha harakati za wafanyakazi Tanganyika. Hapana. Makuli wa Dar es Salaam waligoma mwaka 1939, wakagoma tena 1943, na mgomo wao wa Septemba 1947 ulisambaa ukifuata reli kuelekea bara. Kutokana na mgomo huo kikazaliwa chama cha makuli, Abdul Sykes akiwa katibu wake. Kilikuwa chama chenye nguvu kweli, lakini nguvu hiyo ilikuwa bandarini peke yake. Mwezi Februari 1950 waligoma tena, fujo zikatokea, na mahakama ikakivunja chama. Hapakuwa na shirikisho la kukitetea wala chama jirani cha kukisaidia. Mgomo unaweza kuleta nyongeza ya mshahara, lakini chama kikivunjwa hakuna wa kuilinda nyongeza hiyo mwaka unaofuata.

Ndiyo maana tarehe ya kuangalia ni Oktoba 1955, lilipoanzishwa shirikisho la vyama vya wafanyakazi Tanganyika, TFL, na Kawawa akawa Katibu Mkuu wake wa kwanza. Tom Mboya wa Kenya alikuwa ameshafika Dar es Salaam mwaka huo kutoa ushauri. Ushauri wenyewe ulikuwa rahisi kusema na mgumu kutenda: acheni vyama vidogo vya mji mmoja mmoja, tengenezeni chama kimoja cha nchi nzima kwa kila aina ya kazi. Washona nguo wa mji fulani peke yao hawamtishi mtu. Wafanyakazi wote wa reli, au wote wa mashamba makubwa, wanatisha.

Hapa naomba nikae kidogo, maana makala nyingi huruka sehemu hii. Chini ya sheria ya vyama ya mwaka 1932 watu saba walitosha kuandikisha chama. Saba ni wachache mno. Karani mwenye hasira na marafiki sita anaweza kuandikisha chama Jumatatu, na Ijumaa kimeshakufa. Kazi yenyewe huanza baada ya cheti. Tawi linahitaji daftari la wanachama lenye jina, namba ya kazi na mahali pa kazi. Linahitaji kitabu cha mihtasari, kitabu cha fedha, na kitabu cha risiti chenye vishina. Katika vyote hivyo, kitabu cha risiti ndicho kinachoamua uhai wa tawi.

Kitazame kwa karibu. Kila risiti ina namba, na kishina chake kina namba ile ile. Mkusanyaji anapopokea shilingi anaandika sehemu zote mbili, anachana moja anampa mwanachama, nyingine inabaki kitabuni. Mwisho wa mwezi mweka hazina anajumlisha vishina, halafu anahesabu fedha mezani. Vikilingana, fedha zinakwenda benki kwa sahihi za watu wawili au watatu, na fungu la makao makuu linatumwa. Visipolingana, kikao kinaitishwa siku hiyo hiyo, si wiki ijayo. Hayo tu.

Mambo huharibika kwa njia zinazojulikana. Mkusanyaji anakopa kidogo kwenye fedha za ada akitegemea mshahara, na mshahara unachelewa. Kitabu cha pili kinaanza kutumika kabla cha kwanza hakijarudishwa, na namba zinaachana. Tawi linazuia fungu la makao makuu kwa sababu linaona "wakubwa wa Dar" wanakula bure. Makao makuu nayo, yakikosa fedha, yanashindwa kumlipia wakili mwanachama aliyefukuzwa, na tawi linapata ushahidi kwamba kweli wakubwa hawasaidii. Au chama kinatangaza wanachama wa daftarini wakati wanaolipa ni robo yake. Mwajiri mwerevu huijua tofauti hiyo kabla ya katibu. Mgomo ukiitishwa kwa hesabu ya daftari badala ya hesabu ya vishina, unavunjika siku ya tatu.

Kawawa alikuwa karani kwa mafunzo, na kazi hii iliendana na mikono yake. Wenzake kadhaa walikuwa wasemaji wakali kuliko yeye. Uwezo wake ulikuwa kuvikusanya vyama vilivyotawanyika, kuviweka kwenye vyama vya nchi nzima, na kuvifanya vikae pamoja bila kugombana kila wiki.

Wanachama hao walikuwa watu gani? Mkoa wetu unatosha kuwa mfano. Jimbo la Kaskazini lilikuwa na vibarua wa mashamba ya kahawa na mkonge, miwa ya kampuni ya sukari ya TPC kule Arusha Chini, reli iliyofika Moshi mwaka 1911 na Arusha mwaka 1929, wahudumu wa hoteli, madereva, watumishi wa majumbani. Wa mashambani wengi walifanya kazi kwa kipande. Vijana wa leo hudhani kipande ni kitambulisho tu. Kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi. Umemaliza kazi uliyopangiwa, nyapara anaitia siku hiyo alama; hukumaliza, au umeumwa, siku haihesabiki ingawa ulikwenda shambani tangu alfajiri. Mshahara "wa mwezi" ulitoka alama zikitimia 30, siyo kalenda ikiisha, na kwa hiyo mwezi wa kibarua ungeweza kuwa wiki sita. Ukitaka kujua kwa nini hesabu na maandishi vilikuwa siasa tosha kwa watu wale, anza na kadi hiyo.

Mwaka 1957 Gavana Edward Twining aliwateua Nyerere na Kawawa kuingia Baraza la Kutunga Sheria. Mwalimu alijiuzulu Desemba mwaka huo huo alipoona mapendekezo yake hayasikilizwi. Kawawa alibaki, na wapo wanaomlaumu kwa hilo. Mimi simlaumu. Kiongozi wa chama cha wafanyakazi amezoea kukaa meza moja na asiyempenda na kutoka na kidogo kilichopo; kesho anarudi kudai kilichosalia.

Halafu ukaja uchaguzi wa kura tatu, 1958 na mapema 1959. Kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, la sivyo kura yake ilikuwa haina maana. Mkutano wa TANU wa Tabora, Januari 1958, ulikubali kuingia kwenye uchaguzi huo baada ya mabishano makali. Hapa Kaskazini walipita Solomon Eliufoo, Derek Bryceson na Sophia Mustafa. Lakini jambo linalosahauliwa ni sifa za mpiga kura: awe amefika darasa la nane, au awe na cheo fulani, au awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka. Pauni moja ilikuwa shilingi 20, kwa hiyo pauni 150 ni shilingi 3,000 kwa mwaka, yaani shilingi 250 kwa mwezi. Kima cha chini kilichowekwa baada ya Uhuru kwa Dar es Salaam, mji wenye mishahara mizuri, kilikuwa shilingi 150 kwa mwezi. Fanya hesabu mwenyewe. Kibarua wa mkonge, mkata miwa na kuli hawakuwa wapiga kura. Jeshi alilolijenga Kawawa lilikuwa kubwa, lakini sehemu kubwa yake haikuruhusiwa hata kulisogelea sanduku.

Kwa hiyo silaha yao ilibaki kuacha kazi. Mwaka 1958 wafanyakazi wa kiwanda cha bia waligoma, na TANU ikawataka watu waache kunywa bia ya chupa ili kuwaunga mkono. Ni mfano mzuri wa namna TFL na TANU zilivyofanya kazi: vyombo viwili, katiba mbili, hazina mbili, na pale panapohitajika shinikizo moja. Mwaka huo huo kulikuwa na mgomo mrefu wa mkonge pale Mazinde, pale pale mabasi ya Moshi yanapopita yakienda Korogwe. Mvutano ulikuwa juu ya nani awasemee vibarua: chama chao, au mabaraza ya shamba yaliyoundwa na wenye mashamba. Ukiona mwajiri anajitolea kukuundia baraza, kwanza uliza nani atachagua wajumbe na nani atashika kalamu ya mihtasari.

Mwaka 1960 Kawawa alitoka TFL akawa waziri wa Serikali za Mitaa na Nyumba, na Michael Kamaliza akashika uongozi wa shirikisho. Mwaka huo huo wafanyakazi wa reli, chini ya chama chao kilichoongozwa na Kasanga Tumbo, waligoma siku 82. Siku za kazi zilizopotea nchi nzima kwa migomo mwaka 1960 zilikaribia milioni 1.5. Ndani ya TFL ugomvi ukawa wazi. Kamaliza alitaka vyama viwe karibu na serikali ya TANU. Tumbo na wenzake walisema chama kikishaingia serikalini, mfanyakazi wa serikali amshitaki nani kwa nani?

Tarehe 22 Januari 1962 Mwalimu alijiuzulu uwaziri mkuu akaenda kukijenga chama, na Kawawa akashika nafasi hiyo hadi tarehe 9 Desemba nchi ilipokuwa jamhuri. Ni miezi kumi na nusu hivi. Kamaliza akawa waziri mwenye dhamana ya kazi. Tumbo akapelekwa London kuwa Balozi, na kila aliyekuwa macho alielewa kwamba London ni mbali. Baadaye alijiuzulu, akarudi na kuanzisha chama cha upinzani.

Sheria za mwaka huo zilikuwa na pande mbili, na asiyetaja zote mbili anapotosha. Upande mmoja: kima cha chini kilipandishwa, na malipo ya kiinua mgongo kwa anayeachishwa kazi yakawekwa kisheria. Upande wa pili: mgogoro ulilazimishwa upite kwanza kwa msuluhishi, kisha waziri angeweza kuupeleka kwenye baraza la usuluhishi ambalo uamuzi wake unafunga, kiasi kwamba nafasi ya mgomo halali ilibaki kwenye karatasi tu. Vyama vyote vikatakiwa viwe chini ya shirikisho moja linalotambuliwa na waziri, na fedha zao zikawa chini ya uangalizi. Watumishi wa serikali wa ngazi za juu wakazuiwa kuwa wanachama. Sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani ilipitishwa mwaka huo huo. Januari 1963 Victor Mkello, kiongozi wa wafanyakazi wa mashamba, alipelekwa Sumbawanga kwa amri ya serikali, pamoja na mwenzake Shehe Amiri.

Je, Kawawa aliwasaliti? Neno hilo ni jepesi mno. Alivijua vyama kwa ndani: alijua fedha za matawi hazifiki, alijua baadhi ya makao makuu yaliishi kwa misaada ya nje kuliko kwa ada, alijua mgomo mmoja wa reli unaweza kuizuia pamba, kahawa na mkonge visifike bandarini. Utambuzi wake wa ugonjwa ulikuwa sahihi. Dawa ndiyo iliyozidi. Badala ya kuyalazimisha matawi yafunge hesabu na kufanya uchaguzi kwa wakati, serikali yake iliyachukua matawi yenyewe.

Baada ya maasi ya jeshi ya tarehe 20 Januari 1964 viongozi wengi wa vyama walikamatwa, na Februari TFL ikafutwa, ikaundwa NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wa nchi nzima. Katibu Mkuu wake aliteuliwa na Rais, na wa kwanza alikuwa Kamaliza, ambaye bado alikuwa waziri. Ada ikaanza kukatwa moja kwa moja kwenye mshahara. Wengi waliliona hili kama nafuu, na kwa mweka hazina ni nafuu kubwa: hakuna kuzunguka, hakuna kishina kilichopotea, fedha zinafika. Lakini mkusanyaji aliyekwenda na kitabu kila mwezi alikuwa anaulizwa maswali. "Mwezi uliopita mlituahidi mabuti, yako wapi?" Asiyeridhika hakulipa, na kamati ilijua siku hiyo hiyo kwamba imepoteza mtu. Makato ya moja kwa moja yaliondoa wizi mdogo, yakaondoa na swali. NUTA ikawa JUWATA mwaka 1978, JUWATA ikawa OTTU mwaka 1991, na swali halikurudi kwa urahisi.

Nalisema hili kwa sababu wafanyakazi wa mahoteli, mashamba ya maua na kampuni za utalii hapa Arusha na Moshi bado wanaishi ndani ya mabaki ya mambo hayo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka watu 20 kuanzisha chama, siyo saba. Makato ya ada yanahitaji mfanyakazi mwenyewe ajaze fomu ya TUF 6 na kuweka sahihi, na mwajiri anatakiwa kuziwasilisha fedha kwa chama ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha. Chama chenye wanachama zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaohusika ndicho chenye haki ya kujadili mkataba wa hali bora. Mgogoro wa maslahi unapelekwa kwanza Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, usuluhishi una siku 30, ukishindikana wanachama wanapiga kura, na notisi ya mgomo ni saa 48. Huo mtindo wa "suluhu kwanza, mgomo mwisho" ni mjukuu wa sheria ya 1962, ila mjukuu huyu ameachiwa mlango wa kutokea. Anayepita mlango huo bila kura na bila notisi anajikuta nje ya kazi, na mara nyingi tatizo si ujasiri: hakuna mtu kwenye tawi aliyeweka muhtasari wa kikao kilichoamua.

Mwisho nina ombi kwa wasomaji wako. Nyumba nyingi za wastaafu wa reli, TPC na viwanda vya kahawa huenda bado zina madaftari ya TFL, ya chama cha reli au ya NUTA: mihtasari, kadi za uanachama, vitabu vya risiti. Msiyauze kwa kilo kwa wafunga karanga. Msiyabandike kwa gundi ya plastiki wala kuyatia laminesheni, maana gundi hula wino na karatasi haiwezi kutolewa tena. Toeni pini na vibanio vilivyoshika kutu, funganisheni kwa kitambaa cha pamba, wekeni kwenye sanduku la boksi mbali na sakafu ili mchwa na unyevu visiyafikie, na piga picha kila ukurasa kwa simu mchana, karibu na dirisha. Halafu waandikieni Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa kabla ya kuyahamisha, mkitaja mwaka wa kwanza na wa mwisho ulioandikwa ndani na idadi ya vitabu. Vishina vilivyotumika msivitupe hata kama vinaonekana takataka, kwa sababu humo ndimo yalimobaki majina ya watu waliolipa.

Mkufunzi mstaafu wa matawi ya vyama vya wafanyakazi,
Moshi